Ubuyu mweupe wa uchochoroni Malindi: nyota nne, ya tano ilimwagika na mafuta

Wacha nianze na njia, manake hili duka halina kibao wala jina, na ukiuliza ramani ya simu itakupeleka kwa muuza spea za tuktuk. Ukiwa Malindi ingia mji wa kale kutokea upande wa soko la zamani, shika uchochoro wenye mafundi cherehani wawili wanaokaa wakitazamana na hawasemezani, pita nyumba yenye baraza refu la simiti, halafu ukianza kusikia harufu ya udi imechanganyika na kitu kichachu hivi kama achari iliyoachwa wazi, umefika. Watu wanaita tu "kwa mzee". Jina lake nalijua lakini silitaji, kwanza sijamuomba ruhusa, pili nina lalamiko langu huko chini na sitaki mtu aende akamgombeze mzee wa watu kwa ajili yangu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja tu, mlango wa mbao wa vipande viwili, magunia chini, mitungi ya kioo juu, na mizani ya shaba ya kuning'inia ambayo sidhani kama kuna mtu wa vipimo amewahi kuitia jicho. Kuna paka wa kijivu analala juu ya gunia la majani ya mwarobaini na hakuna anayemfukuza. Namtaja paka mapema ili wale wanaotaka usafi wa hospitali wasije wakanilaumu.

Nimekuwa mteja hapo tangu kabla ya Ramadhani iliyopita, na kilichonipeleka ni mwanangu wa pili, ana miaka 7. Alianza kuendesha tumbo Jumamosi usiku baada ya harusi ya jirani, na mwazijua harusi zetu, biriani imepakuliwa asubuhi watu wanakula saa tisa. Kufika Jumapili mchana ameenda chooni mara sita. Mume wangu yuko safari, zahanati ya karibu Jumapili imefungwa, na mavyaa wangu yuko kwenye kitanda chake cha kamba anarudia neno moja, "mpe ubuyu, mpe ubuyu, nyinyi siku hizi kila kitu tembe". Mimi nikaelewa mabuyu, yale mekundu ya paketi ya shilingi kumi, nikamtuma mtoto mkubwa dukani akaleta paketi mbili. Wallahi sijawahi kumuona mavyaa amekasirika vile. "Hiyo sukari na rangi," akasema, "wataka kumuua? Nenda kwa mzee ukachukue ubuyu mweupe."

Nikaenda. Nikamkuta kwenye kigoda chake, kikoi, kofia, redio ndogo yasoma habari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wataka nini?"

Nikamwambia robo kilo ya ubuyu mweupe, wa tumbo. Nilidhani atapima anipe niende zangu. Akazima redio.

"Tumbo la nani?"

"La mtoto, babu. Aendesha tangu jana usiku."

"Choo chake kina damu?"

"Hapana."

"Homa?"

"Hana."

"Akinywa maji, yakaa ama yarudi?"

"Yakaa."

"Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho?"

Hapo nikakwama, kusema kweli sikuwa nimeangalia. Akaniambia piga simu nyumbani uulize, yani sasa hivi, mbele yake, na nikapiga, mavyaa akasema ametoka kukojoa sasa hivi, kwani vipi. Ndo mzee akanyanyuka. Akasema ningemwambia kuna damu, ama mtoto amelegea macho yameingia ndani, ama hajakojoa tangu asubuhi, asingeniuzia kitu, angeniambia nipande tuktuk niende naye hospitali kubwa. Na kabla hajagusa ubuyu akanipa somo la maji: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyo sawasawa si vya kurundika, nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo kila akitoka chooni. "Ubuyu wasaidia tumbo," akasema, "lakini maji yaliyotoka, yarudishwa na maji." Mimi nilifundishwa hiyo hesabu ya vijiko shule ya msingi na nilikuwa nimeshaisahau kabisa, nikaikumbushwa na mtu anayeuza majani.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike haya yote. Unga uliosagwa anao kwenye mtungi, angeweza kunipimia nikaondoka, lakini hakuutoa. Akachukua buyu zima kutoka gunia la nyuma, refu kama kiatu cha mtu mzima, limefunikwa vinyweleo vya kijani-kijivu kama mahameli, ukilishika vinabaki vidoleni vinawasha kidogo. Akalitikisa karibu na sikio langu, likalia. Akachukua jingine akalitikisa, kimya, akaliweka kando, hilo akasema limeingia maji na ndani limevunda. Lile linalolia limekauka lenyewe likiwa bado juu mtini, na hicho ndo kioja cha mbuyu, matunda mengine wayachuma ndo uanze kuyaanika, hili laning'inia na ganda lake gumu kama ubao huku ndani lajikausha taratibu, likidondoka unga uko tayari, kazi yako kupasua tu.

Akalipiga na mchi mara moja, likafunguka kwa mlio mkavu kama ukuni. Ndani yake vipande vyeupe kama chaki, kila kimoja kimeficha mbegu nyeusi, na vyote vimefungwafungwa na nyuzi za rangi ya matofali. Vumbi lake likapanda nikapiga chafya tatu. Akanipa kipande nimung'unye na mimi nikamung'unya nimesimama hapo mlangoni kama mtoto wa madrasa, kwanza uchachu unaokuminya taya, halafu utamu kwa mbali sana, halafu ule ukakasi wa mwisho unaokausha ulimi mpaka unatafuta mate. "Huo ukakasi ndo wa tumbo," mzee akasema. Nilipokuja kusoma baadaye nikakuta ukakasi ni tanini, ile ile iliyo kwenye chai ya rangi iliyokolea na kwenye ganda la komamanga, ambalo pia bibi zetu walilitumia kwa tumbo, na kwenye unga ule ule kuna pektini, kile kitu kinachofanya jemu ishikane. Kwa hivyo wazee hawakuwa wakibahatisha.

Akavitia kwenye kinu, akatwanga polepole kwa sababu ukitwanga kwa nguvu mbegu zavunjika zaleta uchungu, akachekecha, mbegu zikabaki juu, unga ukashuka chini mweupe wenye manjano kidogo kama samli. Akafunga kwa karatasi ya kaki. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 wenye maduka wengi walihangaika, yeye asema hakubadilisha kitu, alikuwa akifunga kwa karatasi siku zote. Robo kilo shilingi 150, na buyu zima ukitaka kupasua mwenyewe 40.

Maagizo: vijiko viwili vya mezani kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vuruga, acha robo saa, chuja kwa kitambaa, sukari kidogo tu kama mtoto mkaidi. Na usiuchemshe. Sababu ya wasomi ni kwamba ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, gramu kwa gramu, na vitamini hiyo haipatani na moto. Mzee yeye alisema tu ukiuchemsha wapika uji. Mimi mbishi nikaujaribu siku nyingine juu ya jiko, na kweli ulikuwa mzito mzito wa kulambwa na kijiko, ladha imepooza.

Mwanangu alikunja uso, akanywa, akaomba tena. Jumatatu nikampitisha zahanati wakampa ORS za pakiti na vidonge vya zinki, wakasema endelea na vyote, Jumanne choo kikashika. Sasa sitawazungusha mbuyu: tumbo la aina ile kwa watoto mara nyingi lapoa lenyewe siku mbili tatu kama maji yanaingia, na maji yalikuwa yanaingia. Sifa kubwa mimi naipa ile chupa ya lita moja na vile vijiko. Ubuyu naupa sifa ya kwamba mtoto aliyekuwa anakataa kila kitu alikubali kunywa, na si kidogo hiyo, muulize mama yeyote aliyewahi kubembeleza mtoto mgonjwa saa nane ya usiku.

Kuhusu yale mekundu kidogo. Mimi mabuyu nayapenda, nimekulia hapa, ulimi wangu ulikuwa mwekundu mpaka darasa la nane, iliki, pilipili, vanila, vyote nataka. Lakini ile ni peremende. Mbegu zimepikwa kwenye shira na rangi mpaka ule unga wake wa asili umemezwa na sukari, na mtu anayekuuzia hiyo kama "dawa ya kuongeza damu na kinga" anakuchezea. Pia nimeshanunua ile ya makopo, upande wa mahoteli kule, duka moja la zawadi lenye lebo za Kitaliano, kopo zuri lina picha ya mbuyu na jua linazama, gramu 100 kwa shilingi 900, nikafungua nyumbani unga una rangi ya udongo na utamu wa kutiliwa shaka. Muuzaji alinisalimia "ciao bella" mimi mtoto wa Malindi nimevaa buibui, nikajua hapa bei itakuwa ya mgeni na ikawa. Eti Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao mwaka 2008 ukaitwa "chakula kipya", Marekani wakafuata mwaka 2009. Kipya! Senegal wanauita bouye wanaunywa kama juisi kila siku, Wahausa wanakausha majani yake wakayasaga wakapikia mchuzi wanaouita miyan kuka, huku kwetu nyanya zetu walitilia kwenye uji wa waja wazito wenye kichefuchefu, sasa imekuwa kipya kwa sababu imeingia kwenye kopo.

Huko Senegal ndiko mti ulikopatia jina lake la kitaalamu, Adansonia digitata, Adanson alikuwa Mfaransa, Michel Adanson, aliishi huko katikati ya karne ya 18, na digitata ni kwa sababu majani yametandazwa kama vidole. Inasemekana alikuwa akinywa maji ya ubuyu mara mbili kwa siku akiamini ndiyo yaliyomuweka mzima kwenye homa za huko. Nilimhadithia mzee. Akasema, "Na aliyemfundisha kuyanywa jina lake lilipewa mti gani?" Sikuwa na jibu nikanunua udi wa shilingi mia.

Kitu kingine mzee anachouza ni magome na majani makavu. Magome ni ya homa, yanachemshwa, na hiyo si ya huku tu, Wazungu zamani walikuwa wakiyanunua kama badala ya kwinini. Mavyaa naye asema enzi zao mtoto mchanga alikuwa akiogeshwa maji ya magome ya mbuyu ili awe na mwili wa nguvu kama wa mti wenyewe. Lakini huyu mzee ukienda na homa siku hizi atakuuliza umepimwa? Kama hujapimwa malaria hakuuzii, akuambia hapa kwetu homa isiyopimwa yaweza kuwa malaria na malaria haingojei magome yachemke. Nimeona kwa macho yangu akimrudisha mvuvi mmoja anatetemeka, na mvuvi alikuwa ameshika noti mkononi.

Siku nyingine nimekaa hapo nangoja karatasi yangu ifungwe akaingia mama mmoja ameshiba habari za kutumiwa kwa simu, ameambiwa ubuyu unamaliza sukari, ana vidonge vyake kwenye mkoba na anataka kuviacha kuanzia siku hiyo. Mzee akamwambia bibi ubuyu ni chakula, kula, hautakudhuru, lakini vidonge usiache mpaka daktari wako akwambie, na ule mwekundu usiuguse kabisa manake ni sukari juu ya sukari. Yule mama alitaka kusikia jambo jingine. Akaondoka bila kununua, kafunga mkoba kwa kishindo. Nikahesabu kimoyomoyo, mzee kapoteza kama shilingi 300 hapo, na akarudi kwenye redio yake kama hakuna kilichotokea. Nyota mbili kati ya nne zangu zimetoka kwenye hiyo dakika moja.

Usimguse lakini kwenye habari ya mibuyu ya Kilifi. Mwaka 2022, mnakumbuka, habari ilitoka kwamba mibuyu mikubwa inang'olewa kwenye mashamba ya watu hapa kaunti yetu ya Kilifi ipelekwe Georgia, ile nchi, ikapandwe kwenye bustani ya tajiri, mpaka rais akaagiza ichunguzwe. Nilimuuliza swali moja tu juu ya hilo nikakaa dakika arobaini. Yeye ubuyu wake waletwa na kina mama wa Kigiriama kutoka upande wa Ganda na Kakuyuni, wanaletea kwenye viroba, na anasema kila mbuyu una wenyewe hata kama hauna hati, huyu aokota matunda, huyu achuna magome ya kamba, popo wake usiku juu. Hiyo ya popo ni kweli kabisa, maua ya mbuyu yafunguka jioni yananing'inia kichwa chini, meupe makubwa, na popo ndo wanaobeba chavua yake, kwa hivyo popo akifukuzwa na ubuyu nao unapungua. Na mbuyu ukiuchuna ganda laota tena, miti mingine ukiizungushia ganda lote yafa imesimama, huu wafunga kidonda chake kama mtu. Akanionyesha kipande cha gome lililoota mara ya pili, laini, lina mikunjo kama ngozi ya kiwiko. Nimekiweka dirishani nyumbani, watoto wanauliza ni ngozi ya ndovu?

Haya sasa lalamiko.

Mzee ana mjukuu. Kijana mwerevu, mpole, salamu zake nzuri, lakini mzee akienda kuswali na mjukuu akishika duka, duka labadilika. Babu akuuliza maswali kumi kabla ya kukuuzia kitu kimoja, mjukuu akuuzia vitu kumi bila swali hata moja. Ana karatasi imechapishwa rangi ya kijani, "dawa ya magonjwa 77", nimezihesabu humo mpaka kuna mikosi ya biashara na mume kurudi nyumbani mapema. Basi siku moja baada ya laasiri nikaenda kutafuta mafuta ya mbegu za ubuyu, manake ngozi yangu na kaskazi hawapatani, viwiko vinapauka kama chokaa, na nimesikia mafuta hayo mazuri. Na ni mazuri kweli yakiwa ndiyo, yana rangi ya dhahabu, yanaingia kwenye ngozi haraka hayakuachi ukiteleza, harufu yake ndogo tu kama ya karanga mbichi. Mjukuu akatoa chupa kutoka rafu ya juu, stika inang'aa, "halisi asilimia 100", shilingi 700. Sikunusa. Kosa langu la kwanza.

Usiku nimeoga nimejipaka, nimelala zangu. Mume wangu akaja kukaa kitandani, akatulia, akanusa, akaniuliza kama kuna bajia zimebaki jikoni. Yani nanuka karai. Asubuhi shuka lina doa la manjano na viwiko vyangu viko vile vile, vimepauka ila sasa vinang'aa. Nikarudi na chupa. Mzee akaifungua akainusa, akapaka nyuma ya mkono wake, akakaa kimya muda mrefu, halafu akamuita mjukuu kwa jina lake kamili na la babake, na mwajua mzee akikuita hivyo. Kijana akasema hakuyakamua yeye, yaliletwa na mtu na pikipiki yakiwa yameshapachikwa stika.

Hapo nilitarajia nirudishiwe pesa zangu zote. Nikarudishiwa 400, na zilizobaki nikaambiwa nichukue ubuyu wa thamani yake. Nikasema babu mimi nataka pesa, ubuyu ninao nyumbani wa kutosha mpaka Rajabu. Akasema pesa za chupa zimeshakwenda kwa yule wa pikipiki, na yeye hiyo hasara tugawane. Tugawane kwani nilikuwa mshirika? Nilichukua ubuyu kwa adabu tu, kwa sababu ya umri wake, lakini moyoni sikuridhika na mpaka leo sijaridhika, mtu anayemrudisha mteja na noti yake kwa sababu ya uaminifu hawezi kuachia rafu ya juu ikauze kitu asichokijua. Nyota ya tano imeondoka hapo.

Mengine kwa haraka. Ukwaju wake mzuri, hauna mchanga, mavyaa anautumia kulainisha choo, kinyume cha ubuyu, msije mkachanganya karatasi mbili mkaniita usiku. Mwarobaini mimi sinunui hapo kwa sababu ya paka, na uko bure kila uwanja Malindi hii, chuma wako. Mvumbasi anao akipata. Mafuta ya mwarobaini usimpe mtoto kunywa hata kidogo, mzee mwenyewe hayauzi kwa mtu mwenye mtoto mchanga mkononi, watoto wameshadhurika nayo. Karatasi hazina tarehe, kwa hivyo andika mwenyewe siku uliyonunua, na unga uweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, huku kwetu pwani hewa ina maji, ukiacha wazi wiki mbili wagandamana kama simiti kisha waanza kunuka uvundo. M-Pesa anachukua ila namba ni ya mjukuu, na ujumbe mpaka uingie kwa mjukuu aliyeko kwingine, kwa hivyo beba pesa mkononi. Bei hazipandishwi ukija umevaa vizuri, hilo nalithibitisha, nilimtuma wifi yangu wa Nairobi na miwani yake ya jua na bado akauziwa robo kwa 150.

Saa za kufungua: asubuhi mapema mpaka adhuhuri, halafu laasiri mpaka magharibi. Akienda msikitini hafungi mlango, anaweka kigoda kimelala katikati ya kizingiti, na ukikuta kigoda kimelala wewe ngoja barazani, usiingie hata kama mjukuu anakuita ndani. Kigoda kikisimama babu amerudi.

Jumatano iliyopita nilipita kuchukua ubuyu wa wiki. Rafu ya juu iko vile vile, na zile chupa nilizozihesabu saba sasa ni tano, kwa hivyo kuna mtu anazinunua. Kama ni wewe unayesoma hapa, nusa kwanza.